Miwani mpya inanizungusha kichwa, niivue?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, nina miaka 34, naishi Makorora, Tanga. Juzijuzi nilipimwa nikaambiwa nina astigimatizimu, nikapewa miwani yangu ya kwanza. Nikiivaa naona sakafu imeinama, milango imepinda, na kichwa kinaniuma hadi jioni. Kwenye baiskeli ndiyo siwezi kabisa. Majirani wananiambia niachane nayo mapema, maana macho yakishaizoea yatalemaa nisiweze kuona bila miwani. Kwa hiyo naivaa darasani tu, nikiandika ubaoni. Kuna mtu pia ameniuzia matone ya kusafisha macho, anasema yatapunguza namba. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Sakafu kuinama siku za mwanzo ni kawaida kwa lenzi za astigimatizimu. Astigimatizimu maana yake konea yako, yaani kioo cha mbele cha jicho, imepinda zaidi upande mmoja kuliko mwingine, na ubongo umeishi na picha hiyo miaka mingi ukawa unaisawazisha wenyewe. Sasa lenzi imeinyoosha picha, lakini ubongo bado unaendelea na marekebisho yake ya zamani, ndiyo maana vitu unaviona vimelala. Wengi hutulia baada ya siku chache, wengine huchukua hadi wiki mbili. Ila lazima uivae tangu asubuhi mpaka unapokwenda kulala. Wewe unaivaa kipindi kimoja na kuivua, kwa hiyo kila siku ubongo unaanza upya. Baiskeli iache kwanza, mpaka uweze kushuka ngazi bila kushika ukuta.

Wiki mbili zikipita na hali ni ileile, rudi ulikopimwa ukiwa na miwani yenyewe na karatasi ya vipimo. Lenzi ya astigimatizimu ina mhimili wake, yaani mwelekeo inaotakiwa kukaa mbele ya jicho. Ukikosewa kwa digrii 10 tu, karibu theluthi ya msaada wake kwa tatizo hilo inapotea. Ukikosewa kwa digrii 30, msaada wote umekwenda. Kitovu cha lenzi nacho kisipokaa mbele ya mboni, kichwa kitauma. Mashine ya kupimia lenzi inayaonyesha makosa haya kwa muda mfupi, na una haki ya kudai ibadilishwe. Ukianza kuona vitu viwili viwili, au jicho likawa jekundu na linauma, hilo halihusiani na kuzoea miwani: nenda hospitali siku hiyohiyo.

Sasa hayo maneno ya majirani. Nayasikia karibu kila siku ya kazi, na yananiuma kwa sababu nawaona watu yanaowaharibia.

Miwani haidhoofishi jicho. Lenzi iko nje, inaupinda mwanga kabla haujaingia, basi. Ukiivua unakutana na ukungu uleule uliokuwa nao kabla hujapimwa. Zamani hukuuona kwa sababu hukuwa na cha kuulinganisha nacho. Wanaolalamika zaidi ni watu wa miaka arobaini na kitu: "Nilianza na moja, leo niko mbili na nusu, miwani imenimaliza." Ukweli ni kwamba lenzi ya ndani ya jicho hukakamaa taratibu kadiri umri unavyokwenda, na kuanzia miaka 40 hivi inashindwa kujirekebisha kwa maandishi ya karibu. Inaendelea hivyo kwa mwenye miwani na kwa asiye nayo. Wazee wetu walioikataa hawakubaki na macho makali. Waliacha kusoma msahafu, na sindano wakampa mjukuu awatilie uzi.

Kwa watoto imani hii ni hatari zaidi, na wewe una darasa zima mbele yako, kwa hiyo nisikilize hapa. Kuna wazazi wanaoomba mtoto apewe miwani hafifu "asije akazoea". Huko Malaysia jambo hilo lilijaribiwa kwa watoto wasioona mbali, na matokeo yakachapishwa mwaka 2002: waliopewa lenzi pungufu ndio ambao macho yao yaliharibika haraka zaidi. Tena mtoto mdogo mwenye jicho moja linaloona vibaya, asipovalishwa miwani mapema, ubongo unalipuuza jicho hilo, na akishakua hata miwani nzuri kiasi gani hailirudishi sawasawa. Ukimwona mwanafunzi anakunja uso au anasogelea ubao, mwite mzazi. Mwambie akapimwe, na miwani akipewa aivae.

Anayeogopa miwani ndiye anayeishia kwa muuza matone. Hakuna tone linalonyoosha konea iliyopinda. Hakuna. Asali, maziwa ya mama, maji ya majani, vyote hivyo huingiza vijidudu kwenye jicho. Ninachokihofia zaidi ni chupa zenye steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe kama deksamethasoni, zinazouzwa bila cheti. Zinaondoa wekundu upesi, na mnunuzi anarudi kushukuru. Akiendelea wiki baada ya wiki bila kupimwa, presha ya jicho inaweza kupanda bila maumivu yoyote na kuua mshipa wa kuona kuanzia pembeni, na sehemu iliyokufa hairudi kwa dawa wala kwa upasuaji. Steroidi huleta pia mtoto wa jicho. Na mtu aliyechomwa na jani shambani, akapata kidonda cha fangasi kwenye konea, akikitilia dawa hiyo anakichochea. Ndani ya siku chache jicho linaweza kupotea.

Hayo matone uliyouziwa usiyatie. Kama umeshaanza, beba chupa na boksi lake uende kliniki ya macho pale Hospitali ya Bombo, wasome kilichomo na wakupime presha ya macho. Kama unamjua mwingine aliyeuziwa na mtu huyohuyo, mchukue mwende pamoja.