Betri Iliyovimba Haitobolewi

SWALI: Mhariri, kifuniko cha nyuma cha simu yangu ya miaka mitatu kimeanza kuinuka. Fundi mmoja katika Barabara ya Luthuli aliniambia kwamba betri imejaa hewa tu, na akataka kuitoboa kwa sindano ili niendelee kuitumia hadi mwisho wa mwezi. Nilikataa bila kujua hasa kwa nini. Je, nilikosea? Tena, binti yangu huichaji usiku ikiwa chini ya mto wake.
Mama wa watoto wawili, Umoja, Nairobi

JIBU: Hukukosea hata kidogo, mama. Kile ambacho fundi anakiita hewa ni gesi inayotokana na kuharibika kwa elektroliti, yaani kimiminika kilichomo ndani ya betri ya lithiamu-ioni, ambacho hushika moto upesi. Upande chanya na upande hasi wa betri hutenganishwa na utando wa plastiki mwembamba kuliko unywele. Sindano ikiupenya utando huo, pande hizo mbili hugusana, nishati iliyohifadhiwa hugeuka kuwa joto kwa muda mfupi mno, na joto hilo huzifanya kemikali zitoe joto jingine zaidi, mwendo ambao ukishashika kasi haukomi hata ukichomoa chaja. Moshi wake nao huwa na gesi zenye sumu.

Wala tusidhani kwamba hatari iko kwenye betri bandia peke yake, ingawa hizo ndizo za kuogopwa zaidi: mwaka 2016 kampuni ya Samsung ililazimika kurudisha simu zake za Galaxy Note 7 kutoka kwa wateja kwa sababu ya kasoro za betri.

La mto ndilo linalonitia wasiwasi zaidi. Simu hupata joto inapochajiwa. Mto na godoro la sponji hulizuia joto hilo lisitoke, na moto ukizuka, godoro ndilo kuni zake. Tafadhali ikomeshe desturi hiyo leo. Simu nzima ichajiwe juu ya meza au sakafu ya saruji, watu wakiwa macho, na isiwekwe karibu na mlango, kwa kuwa katika chumba kimoja cha kupanga mlango huo ndio njia yenu pekee ya kutokea.

Simu hiyo yako izime, usiichaji tena wala kukibonyeza kifuniko kirudi mahali pake. Iweke katika sufuria kuukuu yenye mchanga mkavu, mbali na mapazia, kisha uipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki. Usiitupe kwenye pipa, kwani itapondwa ndani ya lori au itaishia kwenye jaa la taka la Dandora, mikononi mwa mtu anayechambua taka bila glavu.

Ikianza kutoa moshi, usiibebe. Watoe watoto nje kwanza, kisha upige 999 au 112. Maji mengi husaidia kuipoza, ilhali blanketi huufunika mwali tu huku joto likiendelea ndani.

Hadi mwisho wa mwezi, azima kabambe, yaani simu ndogo ya vibonyezo, kwa jirani. Utakapopata pesa, usikubali kufungiwa betri iliyotolewa kwenye simu nyingine, hata ukipunguziwa bei.