Uongozi kwenye chuma cha magari: nenda kwanza kule kinakopasukia

Mleta mada, kwa faida ya wanaoingia sasa nianze na swali lako kwa kifupi. Una shahada ya uhandisi wa metali na miaka 3 kwenye maabara ya kiwanda kinachouza koili za chuma, yaani mabati marefu yaliyoviringishwa, kwa watengenezaji wa magari. Mezani una ofa mbili. Ya kwanza ni programu ya viongozi vijana makao makuu, pamoja na shahada ya uzamili ya biashara inayolipiwa na kampuni. Ya pili ni uhandisi wa huduma kwa wateja: mshahara uleule, kulala hotelini, na kupigiwa simu usiku na watu wenye hasira. Unauliza ipi inafikisha juu haraka, na kama chuma chenyewe bado kina maisha wakati kila mtu anaimba alumini na magari ya umeme.

Wachangiaji wengi wamekushauri ya kwanza. Mimi nasema chukua ya pili. Nilianzia laini ya kuchovya mabati kwenye zinki, nikaenda huduma kwa wateja, baadaye nikakabidhiwa kitengo cha ubora. Wakubwa niliowaona wakidumu kwenye kazi hii, kwetu na kwa washindani, karibu wote walipita mahali ambapo chuma cha kampuni yao kinapigwa na mtu mwingine, mbele ya macho yao.

Ukiwa maabara, koili kwako ni namba: unene, uzito wa zinki, nguvu inayohimili, asilimia inayorefuka kabla ya kukatika. Zikiwa ndani ya mipaka unasaini cheti, koili inapakiwa, imekwisha hiyo. Lakini kule kwa mteja hakuna anayekivuta chuma polepole hadi kikatike. Wanakikata, wanakiweka kwenye kalibu, presi inashuka kila baada ya sekunde chache, na wanataka kipande cha elfu kumi kifanane na cha kwanza.

Niwape kesi moja, maana ndiyo iliyonifungua macho kuhusu uongozi kuliko semina yoyote. Mteja alikuwa na kipande cha sakafu ya gari, kile kiunzi kinachopita chini ya viti. Zamani kilitengenezwa kwa chuma laini. Ili kupunguza uzito wakahamia kwenye chuma cha awamu mbili, kile ambacho ndani yake kuna feraiti laini iliyochanganyika na visiwa vidogo vya martensaiti ngumu. Unapata nguvu kubwa kwa bati jembamba. Baada ya muda vipande vikaanza kupasuka pembeni, si vyote, na si kila zamu. Simu ikapigwa.

Kikao kilikuwa kile cha kawaida. Wao wamepanga vipande vilivyopasuka mezani, sisi tumepanga vyeti. Wao wanasema chuma chenu kibovu, sisi tunasema someni namba. Na kwa kweli namba zilikuwa safi, nilizikagua mwenyewe. Kelele ilidumu hadi fundi wa kalibu, mzee mmoja ambaye hakuwa hata amealikwa, alipoingia na tochi na kipande ambacho kilikuwa kimekatwa tu, hakijapigwa umbo. Akavaa glovu, akapitisha kidole gumba ukingoni taratibu. Nyuzi za glovu zikanasa. Akatumulikia: juu ukanda mwembamba unaong'aa, chini yake sehemu iliyokwaruzika vibaya, na mwishoni meno madogo ya chuma yamesimama. Kisu cha kukatia kilikuwa butu. Zaidi ya hapo, pengo kati ya kisu cha juu na cha chini lilikuwa bado limepimwa kwa ajili ya kile chuma laini cha zamani. Walibadilisha malighafi, kalibu ikabaki ileile.

Chuma cha awamu mbili hakisamehe ukingo wa namna hiyo. Kikikatwa vibaya, nyufa ndogo sana hufunguka kati ya sehemu ngumu na laini kabla hata umbo halijaanza kupigwa. Presi ikivuta ukingo huo, nyufa zinakimbia. Kipimo chetu cha kuvuta hakiwezi kuliona jambo hili, kwa kuwa sampuli yake huchongwa kingo safi kabisa. Kinacholiona ni kipimo cha kupanua tundu, ISO 16630: unatoboa tundu, unalisukuma kwa koni hadi ukingo upasuke, unapima limepanuka kiasi gani. Mkataba wa ununuzi haukuwa umekitaja kipimo hicho, kwa hiyo sisi hatukukifanya na wao hawakukidai.

Sasa mwangalie mkuu wetu wa ubora wa wakati ule. Kisheria alikuwa ameshinda. Angeweza kusema cheti kiko sawa, hasara ni yenu, tukapanda gari tukarudi. Badala yake aliomba koti la karakana, akaenda kwenye presi na yule mzee, akakaa huko hadi zamu ikabadilishwa. Aliporudi alikuwa na pendekezo: wao wanoe visu na kupanua pengo, sisi tuongeze kipimo cha tundu kwa daraja lile na tuwachagulie koili zenye matokeo bora wakati wanatengeneza. Mabishano ya nani alipe vipande vilivyotupwa yalichukua wiki kadhaa baadaye, na hayakuwa matamu. Laini haikusimama lakini. Aliweza kufanya hivyo kwa sababu ujanani aliwahi kufanya kazi kwenye karakana ya presi, hivyo fundi aliposema alijua anasikia ukweli. Mwenye shahada ya biashara peke yake angelazimika kusubiri ripoti.

Mtu akikwambia anayeanzia sakafuni hubaki sakafuni, mtajie Mary Barra. Aliingia General Motors mwaka 1980 akiwa na miaka 18, mwanafunzi wa uhandisi anayekagua mabawa na boneti za magari ya Pontiac. Shahada yake ya uzamili ya biashara, Stanford, aliipata mwaka 1990, kwa ufadhili wa kampuni. Januari 2014 akawa mtendaji mkuu. Tazama mpangilio: kiwanda kwanza, darasa la biashara baadaye, na bado kampuni ndiyo iliyolipa. Programu ya makao makuu haitakimbia. Ukiwa umeshatatua migogoro ya wateja watakuita wenyewe, tena utakaa darasani ukiwa na kitu cha kubishania.

Jambo la pili, ambalo sioni likitajwa na wachangiaji wengine, ni habari mbaya. Wewe umekaa maabara kwa hiyo unajua ninachozungumzia. Koili imesoma chini kidogo ya kikomo. Lori liko getini, mwezi unaisha, tani zinahesabiwa. Mtu anapita mlangoni anasema kwa upole, "Hebu rudia kipimo." Viwango vya ukaguzi vinaruhusu kurudia kwa masharti, haviruhusu kurudia mpaka kipite. Oktoba 2017 Kobe Steel ya Japani ilikiri kwamba takwimu za ubora za bidhaa zake za alumini, shaba na chuma zilikuwa zimebadilishwa kabla ya kufika kwa wateja, na watengenezaji wa magari, treni na ndege wakaanza kukagua upya walichokwisha kufunga. Mwaka uliofuata mkuu wake akatangaza kujiuzulu. Jambo kama hilo hukua kidogo kidogo, kwa watu wa kawaida waliozoea kwamba bosi hataki kusikia.

Nilipopewa kitengo, kanuni yangu ya kwanza ilikuwa hii: ukirudia kipimo unaandika sababu, na matokeo yote mawili yanabaki kwenye mfumo, hakuna linalofutwa. Ya pili ilikuwa ngumu zaidi kwangu, kwa kuwa nina mdomo mkali: mtu akileta koili mbovu saa nane usiku, swali la kwanza ni "tumezuia ngapi?" wala si "nani kafanya?" Ukikaripia mara moja tu, kesho utaletewa habari ikiwa imeshafika kwa mteja. Na kama unataka mfano wa mkubwa aliyeelewa watu wa tanuru, soma kuhusu Ken Iverson aliyeijenga Nucor, kampuni ya chuma huko Marekani. Ngazi kati yake na mfanyakazi zilikuwa chache, bonasi ililipwa kila wiki kulingana na uzalishaji, na biashara ikidorora wakubwa walikatwa kipato kwa asilimia kubwa kuliko wa chini. Wengi wanamsifu, wachache wanamwiga.

Haya, je, chuma kina maisha? Hofu hii si ngeni. Audi walitoa A8 ya fremu ya alumini mwaka 1994. Mwaka huohuo kampuni za chuma zilianza mradi wa ULSAB, wa kubuni bodi nyepesi ya gari kwa chuma, kampuni 35 pamoja na wahandisi wa Porsche, na kufikia 1998 walikuwa na bodi ya chuma nyepesi kwa takriban robo kuliko bodi walizolinganisha nazo. Ford wakaja na F-150 ya modeli ya 2015 yenye bodi ya alumini, watu wakaandika tanzia ya chuma tena. Alumini kwa ujazo uleule ina uzito wa theluthi hivi ya chuma, lakini ukakamavu wake nao ni theluthi, hivyo faida haiji bure. Upande wetu kuna 22MnB5, chuma chenye manganizi na boroni kidogo: bati linapashwa hadi zaidi ya nyuzi 900 za Selsiasi, linapigwa umbo likiwa jekundu, na kupoozwa ndani ya kalibu hiyohiyo inayopitishiwa maji. Linatoka na nguvu ya megapaskali 1500 hivi. Nguzo ya mlango inayokulinda ukigongwa ubavuni mara nyingi ni hiyo.

Gari la umeme nalo halikimbii chuma. Mota inahitaji mabati membamba ya chuma chenye silikoni, na boksi la betri linahitaji kulindwa. Ila gari lile lina nyaya nyingi za shaba, na hapo ndipo ningewekeza nguvu zangu ningekuwa na umri wako. Tanuru refu, lile linaloyeyusha madini ya chuma kwa makaa, hutoa takriban tani 2 za kaboni dayoksaidi kwa kila tani ya chuma, ndiyo maana viwanda vinahamia kwenye tanuru za umeme zinazoyeyusha chakavu, na wengine kwenye haidrojeni badala ya makaa. SSAB, kampuni ya chuma ya Sweden, ilipeleka chuma cha kwanza cha namna hiyo kwa Volvo Agosti 2021. Lakini magari yakisagwa kuwa chakavu, nyaya za shaba huingia nayo tanuruni, na shaba ikishaingia kwenye chuma kilichoyeyuka huwezi kuitoa kama unavyotoa kaboni au fosforasi, na ikizidi, uso wa chuma hupasuka kikipita moto kwenye rola. Kutengeneza bati la nje la mlango, laini na lisilo na doa, kutoka kwa magari yaliyosagwa ni kazi inayotaka mtu anayejua tanuru, rola na presi kwa pamoja. Watu hao ni wachache, na mishahara yao naijua.

Kabla hujasaini, uliza mambo mawili. Kwanza, je, utakuwa na mamlaka ya kuzuia koili ukiwa kwa mteja bila kusubiri kibali cha asubuhi? Pili, kitengo hicho kinaripoti kwa nani? Sehemu nyingi kinaripoti kwa mauzo, na hapo unaweza kujikuta kazi yako ni kubeba kalenda na kuomba radhi. Mimi nilikikuta hivyo. Niliomba iandikwe kwenye mkataba kwamba ripoti zangu za kiufundi zinakwenda kwa mkuu wa ubora siku ileile zinapokwenda kwa mauzo, na walikubali bila ubishi. Wakikataa hilo, basi hata ofa ya makao makuu naiona afadhali.