Jibu: Skripti ya Linux inagoma kwenye FreeBSD

Waalaikumu salaam ndugu yangu wa Wete. Umesema skripti (faili la amri) ya kuhifadhi nakala za skuli ilikuwa ikienda kwenye Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, lakini FreeBSD, mfumo mwengine wa kompyuta, inakwambia "not found" na faili unaliona hapo hapo.

Tazama kwanza mstari wa juu kabisa. Kama ni #!/bin/bash, basi ndiyo hiyo: mstari huo unaita bash, programu inayosoma amri za skripti, kutoka /bin. FreeBSD haiji na bash, na ukiiweka kwa pkg install bash inakaa /usr/local/bin. Andika #!/usr/bin/env bash, itaitafuta bash popote ilipo, itakwenda kote.

Wanaokwambia urudi Linux tu waache, watu na mifumo yao ni Simba na Yanga.

Halafu sed -i yako, amri ya kubadilisha maandishi ndani ya faili. FreeBSD inadai kiambishi cha jina la nakala ya faili la zamani, hata kitupu: sed -i ''. Hiyo Ubuntu itaikataa, kwa hivyo mimi hutumia sed -i.bak, zote zinaikubali. Ikigoma tena, bandika kosa lote hapa.