Baada ya Mafuriko, Ulizeni Kwanza Maji Yalipita Wapi

Mto Sabaki haungoji mvua ya kwetu. Huanzia nyanda za juu za katikati ya Kenya kwa jina la Athi, ukakutana na Tsavo ukaitwa Galana, na ndipo ukashuka Malindi kuingia baharini. Kwa hiyo mvua kubwa ikinyesha bara, sisi tunaweza kufurikiwa na huku jua linawaka. Mwaka 2018 mto ulipovunja kingo na kuzamisha mashamba na makazi ya Magarini, nilikuwa katibu wa kamati ya kijiji chetu, na ushauri ninaoutoa hapa nimeupata katika miezi iliyofuata, kwa makosa yetu na ya waliokuja kutusaidia.

Baraza la kwanza liliitishwa na shirika moja la misaada, na swali lake lilikuwa: mnahitaji nini? Watu waliolala juu ya turubai kwa wiki nzima hujibu kwa mahitaji ya siku ile, nasi tulitaja unga, vyandarua na dawa ya maji. Vililetwa, tukashukuru. Lakini katika kikao hicho hicho iliamuliwa kwamba kijiji kihamie mbali na mto moja kwa moja, na hakuna aliyeuliza kwa nini tunakaa pale. Maji yakishuka huacha tope lenye rutuba, na mahindi tunayopanda kwenye unyevu ule ndiyo yanayotulisha. Mtu atakubali barazani kwa heshima ya wageni, kisha atarudi bondeni usiku kujenga upya.

Kikao kilichotufaa tulikiitisha wenyewe chini ya mwembe, na swali likawa: maji yalipita wapi? Tulichora mto mchangani kwa kijiti, tukaweka vifuu mahali pa nyumba, kisha tukamwaga majivu kuonyesha maji yalipofika mwaka ule, tukifuata alama za tope zilizobaki kwenye vigogo vya miti. Wazee wakaongeza mstari wa makaa kwa mafuriko ya El Nino ya 1997. Mistari hiyo miwili ilipoonekana, ubishi wa nani ahame ulipungua wenyewe, kwa kuwa kila mtu aliona kifuu chake kiko upande gani. Tukaafikiana kulala juu na kulima chini: nyumba, ghala la mbegu na zizi la mbuzi vihamie mlimani, mashamba yabaki bondeni.

Ninawasihi sana msikutanishe watu wote kwa pamoja tu. Tulipokaa na akina mama peke yao, alasiri, wakiwa wamekwisha kuteka maji na kabla ya kuwasha moto wa chakula cha jioni, walituambia jambo ambalo hakuna mwanamume aliyelitaja: njia ya kupandia mlimani hukatwa na korongo linalojaa mapema, saa kadhaa kabla maji hayajagusa nyumba. Mama mwenye watoto wadogo akisubiri kuyaona maji mlangoni, amekwisha kufungiwa. Ramani yetu ya kwanza ilikuwa imepitisha njia ya kuokoa watu palepale, ikabidi tuchore njia mpya.

Mkishaafikiana, andikeni. Muhtasari uwe na tarehe, majina, sahihi au alama za vidole, na nakala zipelekwe kwa chifu, kwa mwakilishi wa wadi na katika ofisi ya kaunti, nanyi mbaki na yenu iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Kifungu cha 174 cha Katiba ya 2010 kinatambua haki ya jamii kusimamia mambo yao wenyewe, lakini haki hiyo ni vigumu kuidai kwa maneno matupu ofisini. Suala la ardhi pia liwekwe wazi humo. Wengi wetu hatuna hatimiliki, na anayehama bila maandishi anaweza kurudi akute kiwanja chake kina mwenyewe mwingine.

Mpango wetu haukutekelezwa wote. Ghala lilijengwa kwa nguvu zetu, vyoo vilichelewa, na familia chache bado zinalala bondeni. Kila mwaka kabla ya masika tunaipita ile njia mpya kwa miguu, akina mama wakitangulia, kuangalia kama korongo limetanuka.