Siku nne za ndege kutoka Quito: panga kwa mwinuko, si kwa majina ya hifadhi

SWALI: Ndugu mwongozaji, mwezi Julai nakwenda Quito, Ekuador, kwenye mkutano wa wiki moja, na nimeomba siku nne za ziada kwa ajili ya kuangalia ndege. Nimeorodhesha sehemu saba: Yanacocha, Bellavista, Paz de las Aves, Milpe, Papallacta, Antisana na Cuyabeno. Je, siku nne zinazitosha? Na darubini yangu ya 10x50, niliyoizoea Mikumi na Serengeti, itanifaa huko? (Msomaji, Dar es Salaam)

JIBU: Hazitoshi. Unaweza kuzipitia kadhaa, ila ndege wengi utawaona kupitia dirisha la gari.

Anza kwa kuikata Cuyabeno. Iko bonde la Amazoni, mashariki kabisa. Unaruka hadi Lago Agrio, unaendelea kwa gari, kisha mtumbwi, na siku zako mbili zimekwisha njiani kwenda na kurudi. Kata pia Papallacta na Antisana. Antisana nasikitika nayo, kwa kuwa ndiko pazuri pa kumwona kondori, yule tumbusi wa Andes mwenye mbawa zinazozidi mita tatu zikikunjuliwa. Lakini hizo mbili ziko mashariki ya Quito, na nne zilizobaki ziko upande wa kaskazini-magharibi, zimejipanga kwenye mteremko mmoja. Huo mteremko ndio safari yako.

Kwetu ukitaka ndege wengine unahama mbuga: unatoka nyika unaingia msitu, au unakwenda ziwani. Kule unashuka mlima tu. Kila mita mia kadhaa za mwinuko ndege wanabadilika, na ndiyo sababu nchi ndogo kuliko Kenya ina aina zipatazo 1,600. Kwa hiyo usihesabu hifadhi. Hesabu ngazi: ya juu kabisa mita 3,500, ya kati karibu 2,000, ya chini karibu 1,100. Ngazi moja isipungukiwe na asubuhi nzima, maana baada ya saa nne msitu unanyamaza na mchana ukungu unapanda.

Siku ya kwanza nenda Yanacocha, kwenye ubavu wa volkano ya Pichincha. Kwa wiki yako ya mkutano mwili utakuwa umeshaizoea Quito, ambayo yenyewe iko mita 2,850, lakini usitembee kama uko ufukwe wa Coco. Bahati nzuri njia kuu ya pale ni tambarare. Fika kwenye chupa za maji ya sukari zilizotundikwa kwa ajili ya ndege, kaa kitako, na usihame. Utamwona Ensifera ensifera, kolibri (jamii ya ndege wadogo wanaonyonya maua) ambaye mdomo wake ni mrefu kuliko mwili wake ukiutoa mkia. Mwangalie akimaliza kunywa: hutua kwenye kijiti, mdomo ameuelekeza juu, na manyoya anayatengeneza kwa kucha za miguu kwa sababu mdomo haumfiki mwilini. Wapo watakaokuambia umtafute pia Eriocnemis nigrivestis, kolibri aliye nembo ya jiji la Quito na ambaye karibu wote duniani wako kwenye mlima huo na jirani zake. Mtafute, lakini safari usiipime kwake.

Mchana shuka kwa barabara ya zamani ya Nono mpaka Tandayapa au Bellavista ukalale huko. Barabara ni mbovu, na hilo si baya: gari likienda polepole ndivyo utakavyokutana na yale makundi mchanganyiko, ndege wa aina kumi au zaidi wanaopita pamoja wakila wadudu. Mtu aliyekaa Amani, Usambara Mashariki, anayajua: dakika tano kelele tupu, halafu kimya. Yakija, usikimbilie kitabu. Angalia kwanza, jina litafuata.

Ukiamka Bellavista usianze na chai. Nenda kwenye taa zilizowashwa usiku kucha. Nondo wametapakaa ukutani, na kukipambazuka ndege wa msituni wanakuja kuwaokota, mbele ya macho yako.

Siku ya pili ni ya Paz de las Aves. Ondoka saa kumi na nusu alfajiri. Jua kule, kama kwetu, linachomoza karibu saa kumi na mbili mwaka mzima, na madume ya Rupicola peruvianus, ambaye wenyeji humwita gallo de la peña, yanaanza ngoma kabla hakujapambazuka vizuri. Yanakusanyika mahali palepale kila siku, yanakoroma, yanarukaruka na kuinamiana ili majike yachague. Ya upande huu wa magharibi ni mekundu kama damu. Ya mashariki ya Andes yana rangi ya chungwa.

Mwenye shamba, Ángel Paz, ni mkulima aliyepata umaarufu kwa kumzoesha Grallaria gigantea, ndege wa ardhini mkubwa na mwoga ambaye wataalamu walikuwa wakimtafuta miaka bila kumwona. Alimpa jina Maria, akawa anamwita kwa sauti na kumtupia minyoo iliyokatwakatwa. Kuna wanaosema huko ni kuwafuga ndege wa porini. Mimi naona msitu ambao ungeweza kugeuka malisho ya ng'ombe bado umesimama, na sina ugomvi na minyoo. Ninachokipinga ni watalii kupiga milio iliyorekodiwa kwenye simu tena na tena mpaka ndege anaacha kulisha makinda. Programu ya Merlin, ile ya simu inayotambua ndege kwa milio, itumie kusikiliza tu.

Siku ya tatu, Milpe. Hapo yupo Machaeropterus deliciosus, ndege mdogo ambaye dume lake ni kijidume kinachotoa mlio kwa mbawa badala ya koo: kinaziinua juu ya mgongo na kuzitikisa zaidi ya mara 100 kwa sekunde, unyoya mmoja uliopinda unakwaruza mwenzake wenye matuta, na unasikia kama filimbi ya chuma. Siku ya nne iache wazi, kwa Mindo mjini au kwa ngazi iliyokunyima kitu kwa sababu ya mvua. Julai ni kiangazi upande ule, lakini kiangazi cha msitu wa mawingu kinalowanisha vilevile.

Sasa darubini. Namba ya kwanza ni mara inazokuza, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Wengi hudhani picha ya 50 ni angavu kuliko ya 42. Piga hesabu: 50 gawanya kwa 10 ni 5, 42 gawanya kwa 8 ni 5.25. Hizo ni milimita za duara la mwanga linalofika jichoni, kwa hiyo gizani 8x42 haizidiwi kitu. Tatizo la yako ni jingine. Inakuza mno, mkono ukitetemeka kidogo picha inaruka. Eneo inaloonyesha ni jembamba, na kule ndege anapita kati ya majani kwa nusu sekunde. Na nyingi za aina hiyo hazioni vizuri vitu vya karibu, kwa sababu zilitengenezwa kwa simba wa mbali. Weka kitabu sakafuni mita tatu kutoka ulipo. Kama maandishi hayasomeki kwa darubini, azima 8x42 kwa mtu, kwa sababu Grallaria na kolibri watakuwa umbali huohuo. Hakikisha pia imezibwa isiingie maji, la sivyo siku ya pili ndani ya lenzi kutakuwa na ukungu usiofutika.

Usafiri: basi la kwenda Mindo lipo, linatoka kituo cha La Ofelia, lakini halikufikishi penye ngoma alfajiri. Kodi gari lenye dereva, na kila ngazi tafuta mwongozaji mwenyeji. Hawa ndio waliopiga kura Agosti 2023, pamoja na wakazi wengine wa Quito, kuzuia uchimbaji madini katika eneo hilo la Chocó Andino, ambalo UNESCO ililitambua mwaka 2018. Pesa yako ikibaki kwao ni sawa kabisa.

Fedha ni dola ya Marekani tangu 2000, ila sahau mazoea ya maduka yetu ya kubadilishia. Noti ya 100 kijijini ni usumbufu mtupu; beba za 5, 10 na 20.

Na kadi ya homa ya manjano usiisahau. Chanja angalau siku kumi kabla ya kuondoka, kwa kuwa Ekuador ni nchi yenye ugonjwa huo na ukirudi Dar utaulizwa kadi hiyo uwanja wa ndege.