Kabla Hujaiongezea Nguvu Subaru Yako

Mwaka 2019 nilinunua Subaru Impreza WRX STI iliyokuwa imetumika Uingereza, yenye injini ya lita 2.5 na nguvu za farasi 300, na haikupita hata miezi minne nikaipeleka kwa fundi mmoja wa Nairobi aweke programu mpya katika kompyuta inayoendesha injini yake, ili iongezeke nguvu. Nilipokanyaga mafuta katika gia ya tatu, tabo (kifaa kinachosukuma hewa ya ziada ndani ya injini) iliamka mapema kuliko nilivyozoea, nami nikajiona nimepata gari jingine kwa bei ya programu tu.

Raha hiyo ilidumu wiki sita. Asubuhi moja, gari likiwa limewashwa na kusimama, nilisikia injini ikidunda bila mpangilio, na nilipochomoa kijiti cha kupimia oili nikaona moshi ukitoka tunduni kwa vipindi, kama mtu anayehema. Fundi wa pili alipopima mgandamizo wa silinda, tatu zilikaribiana na ya nne ilikuwa chini mno. Kingo ya pistoni inayoshikilia ringi, ile pete inayoziba mwanya kati ya pistoni na silinda, ilikuwa imevunjika.

Wenye injini hii wanaujua vizuri ugonjwa huo. Petroli ikijilipukia yenyewe kabla moto wa plagi haujaimaliza, pistoni hupigwa kama kwa nyundo, na pistoni za kiwandani za injini hii hazivumilii kipigo cha namna hiyo. Programu niliyowekewa ilikuwa imenunuliwa ng'ambo ikiwa tayari, imeandikwa kwa petroli ya oktani 98 (oktani ikiwa juu, petroli haijilipukii kwa urahisi), ilhali mimi nilikuwa nikijaza ya kawaida ya kituo cha karibu. Tena Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi, kwa hiyo tabo hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi ili kufikia shinikizo lile lile, na hewa inayoingia injini huwa na joto zaidi.

Kwa hiyo, anayeniuliza leo kama aongeze nguvu humwambia kwanza apime mgandamizo wa silinda zote, kwani injini iliyochoka haitengenezwi na programu. Akikuta iko sawa, basi programu iandikwe juu ya gari lake mwenyewe, kwa petroli anayoijaza kila wiki, na fundi amwonyeshe rekodi za kompyuta zinazothibitisha kwamba injini haigongi, yaani petroli haijilipukii yenyewe. Fundi anayeanza kwa kukutajia idadi ya farasi, kabla hajauliza unajaza mafuta gani, mwache hapo hapo. (Mimi nilitajiwa farasi, nikatabasamu.)

Injini yangu ya sasa inatumia programu ya kiwandani. Fedha niliyokuwa nimeiwekea tabo kubwa nilinunulia matairi, pedi nzuri za breki na mafuta mapya ya breki, na tofauti niliiona nikiteremka barabara ya Mai Mahiu, kuelekea Bonde la Ufa, nyuma ya lori, ambapo zamani pedali ya breki ilikuwa ikilegea kabla sijafika bondeni.