Kwa nini daraja la Malagarasi halina nyaya
Ndugu yangu wa Uvinza, umeuliza kwa nini Daraja la Kikwete la hapo Malagarasi halina nyaya kama lile la Kigamboni, lililofunguliwa mwaka 2016 na lenye urefu wa mita 680. Mto wetu haupitishi meli, hivyo nguzo zilizokaribiana hazimzuii mtu, labda mvuvi na mtumbwi wake. Penye bandari njia ya vyombo huachwa wazi, na hapo nyaya za chuma, zikishuka moja kwa moja kutoka mnarani hadi kwenye sakafu ya daraja, hubeba uzito wa pande mbili zinazosawazishana, nao mnara huushusha wote hadi kwenye msingi. Kuuweka mfumo huo Malagarasi kungekuwa anasa.